Mwiba Usiokuwamo Kisiginoni

Nyinyi vijana mnaotundika stethoskopu shingoni hata mkienda dukani kununua sukari, kaeni chini leo niwagombeze. Sikustaafu ili ninyamaze. Nilistaafu kwa sababu umri ulifika na magoti yakakataa kusimama zamu nzima, lakini mdomo wangu bado uko kazini.

Nianze na juzi. Mwezi uliopita nilienda zahanati moja hapa nje ya Lodwar, sitaitaja, kuchukua dawa zangu za presha. Nilikuwa kwenye benchi, kitabu changu cha kliniki mkononi, nikasikia mtoto akilia katika chumba cha kufungia vidonda. Mimi nilikuwa klinikal ofisa, yaani tabibu, tangu nikiwa msichana mpaka nikawa nyanya, na kazi hiyo hukufundisha vilio. Kuna kilio cha sindano, hicho huisha upesi. Kuna kilio cha kudeka. Hiki kilikuwa kilio cha mtu anayechimbwa, nami nikaiacha foleni nikaenda kuona.

Nilimkuta msichana wa miaka kumi hivi amelazwa kifudifudi, mama yake amemshika mapaja, na klinikal ofisa kijana anachokora kisigino chake kwa kisu. Ganzi alikuwa amepiga, ndiyo, lakini ngozi ya kisigino cha mtoto aliyetembea peku tangu ajue kutembea si ile mliyochorewa kitabuni. Dawa haikuwa imeshika vizuri. Kwenye trei kulikuwa na damu na pamba, mwiba hakuna.

"Unatafuta nini?" nikamuuliza.

"Mwiba, mathe. Tafadhali ngoja nje."

"Umeuona wapi?"

"Sijauona bado. Lakini si uko ndani? Hapa Turkana kisigino kikiuma ni mwiba."

Nilihisi damu ikinipanda kichwani, na kumbukeni ni presha iliyonipeleka pale. Nikamwambia aweke kisu chini. Akaniangalia kama mtu anayejiuliza huyu bibi ametoka wapi. Nikamwambia tena, kwa ile sauti ambayo wauguzi wa zamani wa Lodwar wakiikumbuka mpaka leo hukaa wima. Akaweka.

Sasa niwaambie ukweli. Kilichonikasirisha zaidi si kisu, ni ile sentensi. Hapa Turkana kisigino kikiuma ni mwiba. Sentensi hiyo ni yangu. Niliisema mimi, neno kwa neno, mwaka wangu wa kwanza kazini.

Mtu asiyetoka huku hawezi kuelewa jinsi mwiba ulivyotukaa akilini. Karibu kila mti hapa una miiba yake. Mchungaji hutembea na kibano kidogo cha chuma, na kumtoa mwenzako mwiba ni jambo la heshima. Mama hutoa, nyanya hutoa, watoto hutoana wenyewe wakiwa machungani. Kwa hiyo mtoto akifikishwa hospitali kisigino kinamuuma, ujue nyumbani wameshautafuta mwiba siku tatu wakaukosa. Hawaji kukuuliza kama upo. Wanakuja uutoe, na usipoutoa wewe ndiye hujui kazi.

Ndivyo alivyoletwa Ekai. Alikuwa na miaka kumi na mmoja, darasa la tano katika shule moja ya bweni karibu na mji, na alikuwa anakimbia vizuri kuliko wote wa rika lake. Mwalimu wa michezo alikuwa anawakimbiza asubuhi na jioni kwenye kiwanja kigumu, wiki baada ya wiki. Kisigino kikaanza kumuuma. Babake akaja kutoka upande wa Kerio, amepanda lori la samaki, akamshika mkono mpaka mbele ya meza yangu.

"Daktari, hii kijana iko na mwiba. Toa."

Mimi nami, nikiwa na koti jipya na akili mpya, sikumuuliza mtoto hata neno moja. Sikumuuliza inauma lini, wala inauma wapi. Nilisema ile sentensi yangu nikachukua kisu. Nilikata, hakuna kitu. Mzee akasema, "Ongeza." Nikaongeza, hakuna kitu. Ekai hakulia. Alikuwa ameuma ukosi wa shati la shule, na mate yalikuwa yameulowesha wote.

Hapo mzee akaanza kuniangalia. Mnalijua lile jicho. Nilikuwa msichana mdogo wa hapa hapa Lodwar, na yeye alikuwa mtu mzima aliyetoa miiba tangu kabla sijazaliwa. Akageuka kwa muuguzi akasema, "Hakuna daktari ingine? Huyu bado ni mtoto." Nilichomeka kwa aibu.

Kwenye trei ile kulikuwa na mwiba. Nilikuwa nimeutoa asubuhi katika mguu wa mama mmoja muuza makaa, mweusi, mrefu kama ukucha. Nikawapa mgongo kidogo, nikaushika kwa kibano, nikauchovya kwenye damu ya Ekai, nikageuka.

"Huu hapa, mzee."

Wanangu, mzee yule alicheka kwa furaha. Aliuchukua, akaufunga kwenye pindo la shuka lake, akaniombea baraka kwa Mungu, akasema nitazaa watoto wengi. Ekai alikuwa ananitazama. Mtoto anajua kama kitu kimetoka mwilini mwake au hakijatoka, na yeye alijua.

Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole, kwa hiyo msinionee huruma. Nikasirikieni. Mimi mwenyewe nimejikasirikia miaka yote hii na bado sijamaliza.

Aliyenikamata alikuwa Mzee Lomuria, fundi wetu wa plasta. Hakuwa na shule nyingi. Alikuwa ameanza kazi kwa kufagia wodi, na kwa sababu macho yake yalikuwa yanaona, akaishia kujua mifupa kuliko madaktari wawili watatu waliopita pale. Jioni alikuja nilipokuwa naosha mikono.

"Ule mwiba ni ya mama ya makaa," akasema.

Nikakana. Hakubishana. Aliniambia niketi nivue kiatu. Akakibana kisigino changu kwa kiganja, upande huu na upande huu, kwa nyuma, mpaka kucha zake zikawa nyeupe.

"Inauma?"

"Hainiumi."

"Haiwezi kuuma. Wewe umemaliza kukua. Kuja."

Akanipeleka kwenye nyumba za wafanyakazi, watoto walikuwa wanacheza mpira wa matambara. Akawaita mmoja mmoja, anawabana visigino na kuwatania. Wengine wakacheka. Wawili wakaruka wakapiga kelele, na wote wawili walikuwa warefu wembamba, wale ambao suruali imepanda juu ya kifundo kabla mwaka haujaisha. Hakuna aliyekuwa na alama ya mwiba.

"Mfupa ya mtoto inakimbia mbele," Mzee Lomuria akaniambia, "msuli inabaki nyuma. Halafu msuli inavuta kisigino, na kisigino bado laini. Sasa wewe unakata nini?"

Nilikuja kusoma baadaye vitabu vizito kuhusu jambo hilo, vikisema kwa kurasa nyingi alichokisema yeye kwa pumzi moja. Nyuma ya mfupa wa kisigino cha mtoto kuna kipande ambacho hakijaungana na mfupa wenyewe. Kimeshikwa na gegedu. Kano nene inayotoka kwenye shavu la mguu imejishikiza hapo hapo. Mtoto wa miaka minane mpaka kumi na nne, anayerefuka haraka na kukimbia sana kwenye ardhi ngumu, hupata maumivu pale. Si mwiba, si uvivu, si uchawi. Yataisha kipande hicho kikikomaa.

Basi nikamwambia Mzee Lomuria tumtafute Ekai. Lakini babake alikuwa amesharudi na lori, na Ekai amesharudi shuleni. Shule ilikuwa mwendo wa saa moja kwa miguu. Saa moja tu! Sikwenda. Nilijipa moyo kwamba atapona mwenyewe, na zaidi ya hapo niliogopa kumwambia mwalimu kuwa nimedanganya. Nikaendelea na kazi.

Naomba msikilize sasa mambo ya kazi kabla sijarudi kwenye aibu yangu. Mtoto akija na kisigino, ongea na mtoto kwanza, si mzazi. Muulize inauma lini. Akikwambia inauma akikimbia na baada ya kukimbia, na akipumzika siku mbili inapoa, anza kumfikiria Mzee Lomuria. Mwache atembee mbele yako. Wengi watatembea kwa ncha ya vidole, kisigino kimeinuliwa. Angalia ngozi. Mwiba una mlango, na ukigusa mahali pamoja kwa kidole kimoja mtoto anakuonyesha hapo hapo. Huyu wetu hana mlango, na ukibonyeza chini ya unyayo hashtuki sana, ila ukibana kisigino kutoka pande zote mbili anaruka. Bana na mguu wa pili, maana mara nyingi unauma pia na hakuna aliyeuuliza. Halafu kunja wayo wake kuelekea juu, goti likiwa limenyooka, uone jinsi shavu la mguu lilivyokaza.

Dawa yake inawaudhi watu kwa sababu ni rahisi. Apumzike kukimbia mpaka makali yapoe. Anyooshe shavu la mguu kila siku, ameegemea ukuta. Kitambaa kilicholoweshwa maji ya mtungi baada ya kucheza. Na umwinue kisigino kidogo: nimekata slipas kuukuu nyingi sana, kipande cha unene wa kidole kinawekwa ndani ya akala, vile viatu vya tairi, miguu yote miwili. Kakuma, nilikohamishiwa kwenye kambi ya wakimbizi, waliniita mama wa slipas, na sikukasirika.

Huko Kakuma ndiko nilikomwona Nyandeng, msichana kutoka Sudan Kusini, miaka kumi na miwili, mchezaji mpira kwelikweli. Alikuja na plasta mpaka gotini. Mama yake, aliyekuwa anauza chai karibu na lango, aliweka bahasha ya eksrei mezani kwangu kwa nguvu.

"Doktor, kalas, imetosha! Plasta ya kwanza ametoa, ameweka ya pili. Wanasema imevunjika. Imevunjika namna gani, bit, huyu msichana yangu, hakuanguka?"

Nikaitazama ile picha. Palikuwa na mstari mweusi nyuma ya kisigino, na kipande kidogo cheupe kana kwamba kimemeguka. Ndivyo mfupa wa mtoto unavyokaa! Nikaomba mguu wa pili upigwe picha. Mstari ule ule, kipande kile kile. Nikamwita kijana aliyeweka plasta, nikamuuliza kama na mguu huu umevunjika basi, maana Nyandeng alikuwa ameingia akiukanyaga. Akaenda kuleta msumeno. Tulipoikata plasta shavu la mguu lilikuwa limenyauka, na mama yake alipoona alilia, halafu akatutukana kwa Kiarabu cha Juba, na alikuwa na haki.

Haya ndiyo yanayonichemsha. Zamani hatukuwa na mashine, tukakata. Sasa mashine zipo, mnapiga picha bila kumshika mtoto mguu, halafu picha inawadanganya. Wengine wanaandika rufaa mpaka Eldoret. Kisigino kilekile! Vidole vyako viwili vimeajiriwa na nani?

Lakini msije mkanifanyia ujinga mwingine. Baada ya kujua ule mbano nililewa nao, kila kisigino nikakiita kukua. Akaletwa mtoto mchungaji kutoka Nakalale, nikambana, akaruka, nikaanza kukata slipas. Muuguzi akanivuta kando. "Daktari, huyu halali kwa maumivu. Na umegusa hapo? Pana moto." Nilikuwa sijagusa. Kisigino kimoja, kimevimba, kina joto, na homa juu. Ulikuwa usaha ndani ya mfupa, na angebaki na slipas zangu angepoteza mguu. Kwa hiyo: homa, uvimbe, wekundu, maumivu yasiyomwachia hata akiwa amelala, mtoto anayekonda, mtoto asiyeweza kukanyaga kabisa, hao usiwarudishe nyumbani. Hao ndio wa picha, wa damu, na wa rufaa.

Sasa turudi kwenye ile zahanati.

Nilimketisha yule msichana, jina lake Akiru, nikamfuta machozi, nikamuuliza yeye mwenyewe. Alikuwa anafanya mazoezi ya mashindano ya shule. Inauma akikimbia, na asubuhi ya kesho yake. Jumapili haiumi. Nilimbana ule mguu ambao haukukatwa, akaruka. Nikamwambia yule kijana aweke vidole vyake pale pale abane taratibu, akabana, na uso wake ukabadilika. Si mtu mbaya. Hakuna aliyewahi kumfundisha, na hilo nalo ni la kuwauliza wanaofundisha.

"Lakini daktari," mama yake Akiru akasema, "hata ya baba yake ilikuwa mwiba. Kisigino hivi hivi. Ilikatwa hapo Lodwar, mara ya kwanza hawakupata, mara ya pili ikatoka. Babu yake alikuwa anaonyesha watu. Ndiyo nyanya yake akaniambia, usikubali waache, wakate mpaka itoke."

Nikauliza mume wake anaitwa nani, ingawa nilikuwa nimeshajua.

"Ekai. Anauza samaki ya Kerio."

Nilikuwa na maneno makali nimemwandalia yule kijana. Kisu alishika yeye, lakini aliyemtuma nilikuwa mimi. Wahenga wanasema njia ya mwongo ni fupi. Ya kwangu ilikuwa ndefu, ilipita kwa baba ikafika kwenye mguu wa binti yake.

Jumamosi nilikwenda kwao. Ekai alikuwa uani anapanga samaki wakavu, mwanamume wa mvi kidogo, mabega mapana. Tukasalimiana. "Ejok," nikasema. "Ejok," akaitika. Halafu kabla sijajitambulisha akasema, "Wewe ndiye ule daktari."

Nikamweleza yote bila kuketi: mama wa makaa, trei, mgongo niliowapa. Nikamwambia hakuwa na mwiba hata siku moja, na kwamba maumivu yake yalikuwa ya kweli.

"Mimi najua," akasema. Aliendelea kupanga samaki. "Hiyo siku nilijua. Nilimwambia baba haijatoka, akanionyesha mwiba. Nilimwambia mwalimu bado inauma, akasema baba amepita shuleni akamwonyesha hiyo mwiba. Wote wako na mwiba. Mimi niko na mdomo tu."

Walimchapa kwa kuchechemea. Walimchapa kwa kukataa kukimbia. Mwisho babake akasema shule haiwezi kulipiwa mtoto mwongo na mvivu, akampeleka kwa mbuzi. Mwaka mmoja na kitu baadaye maumivu yaliisha yenyewe, huko malishoni, bila daktari yeyote.

"Mguu ilipona," akasema. "Shule haikurudi."

Nikamwambia pole. Neno lenyewe lilikuwa dogo mpaka nikaona haya kulitamka. Hapo ndipo aliponiangalia usoni kwa mara ya kwanza.

"Hiyo pole usiniambie mimi. Mimi sikuwa na shida ya kujua."

Akaita kuelekea nyumbani. Mama yake akatoka, bibi kizee mwenye shanga shingoni, anashika ukuta, akaketi kwenye kigoda. Akiru akaja naye akasimama nyuma yake, kipande cha slipas ndani ya akala zake. Babake Ekai alishafariki zamani. Mama huyu ndiye pekee aliyebaki kati ya wazee wa nyumbani waliouona na kuuamini ule mwiba ukiwa umefungwa kwenye shuka.

"Mama," Ekai akasema, "sikia huyu." Kisha akanigeukia. "Sema tena, daktari. Sema kwa Kiturkana, na usikimbize."

Nikasema tena, yote, kwa Kiturkana, taratibu. Kizee alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akanyoosha mkono, akamwambia mwanawe alete mguu. Ekai, mtu mzima mwenye mvi, akaketi chini mchangani akauweka mguu kwenye mapaja ya mama yake, na mama akakishika kisigino kwa viganja vyote viwili, juu ya makovu yangu mawili, akaanza kumwomba msamaha.